Goti la Kushoto

Sura ya Sita

"Rudisha kidogo," Inspekta alisema.

Daktari wa timu ya taifa akabonyeza kinasa sauti na kurudisha. Ilikuwa mara ya saba. Chumba cha mikutano cha shirikisho la mpira kilikuwa na meza moja ndefu, viti kumi, kabati la vikombe ambavyo havijafutwa vumbi siku nyingi, na picha ya kikosi cha zamani ambacho nusu yake sasa ni watu wenye vitambi. Saa ya ukutani ilisema ni saa tatu na robo asubuhi. Saa kumi jioni mwenyekiti alitakiwa kusimama mbele ya waandishi wa habari na kumtaja kocha mkuu mpya. Jina alikuwa nalo tayari, ndani ya bahasha. Alichokosa ni uhakika kwamba mwenye jina hilo hakuyapata maswali ya usaili kabla ya kuulizwa.

Sauti ya daktari mwenyewe ikatoka kwenye mashine. "Swali la nne. Zimebaki siku mbili kabla ya mechi. Nahodha wako, anayepigia mguu wa kulia, ameumia goti la kulia. Utafanya nini?"

Kisha ikaja sauti nzito ya mzee, isiyo na haraka. "Mtu anayepigia kulia husimamia kushoto. Goti la mguu wa kusimamia likiuma, mpira ataupiga, lakini mwili hauna nguzo. Mimi simchezeshi hata dakika moja. Hata benchi simweki, maana akikaa benchi uwanja mzima utamwita, na mimi pia ni binadamu, nitashawishika."

"Simamisha."

Daktari akasimamisha. Akatoa leso, akafuta miwani ambayo haikuwa na doa.

"Jibu zuri," Inspekta alisema.

"Zuri sana. Wote tisa tulitikisa vichwa kukubali."

"Mlitikisa vichwa kwa jibu la goti la kushoto, na wewe ulikuwa umemuuliza la kulia."

Daktari akairudisha miwani usoni.

"Basi nieleze tena lile la kushoto lilitoka wapi."

"Nilikosea mimi." Alisema kwa sauti ya chini ingawa mlango ulikuwa umefungwa. "Alhamisi iliyopita, asubuhi, nilimpima nahodha. Nilikuwa nimesimama upande wa miguu yake, naye amelala. Goti bovu lilikuwa upande wa mkono wangu wa kushoto, nikaandika kushoto. Miaka thelathini ya udaktari, nikakosea goti kama mwanafunzi. Karani akachapa maswali, nakala tisa, moja kwa kila mjumbe. Saa sita nikagundua. Nikamwomba azikusanye kabla wajumbe hawajafika, achape upya, na asiseme kwa nini."

"Aibu."

"Aibu, ndiyo. Nahodha mwenyewe angesikia angetafuta daktari mwingine."

Inspekta alimtazama. Huyu daktari na mzee wa kwenye kanda walikuwa wamekaa benchi moja la timu ya vijana kwa miaka kumi na moja, na tangu jana usiku alikuwa akimweka daktari juu ya orodha yake. "Mzee Makopo ni rafiki yako," alisema.

"Ni rafiki yangu. Na ningetaka kumpenyezea swali, Inspekta, ningempenyezea lililo sahihi. Tangu saa sita ya Alhamisi mimi nilijua ni goti la kulia. Kwa nini nimpe la kushoto?"

Hapo hapakuwa na mlango wa kuingilia. Inspekta alilifuta jina lake kwenye daftari, mstari mmoja, bila kinyongo.

Mzee Makopo alikuwa pia mtu wake yeye. Siku ya kwanza ya kazi hii alikwenda kwa mkuu wake akamweleza: yule mzee alinifundisha mpira nikiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, nilikuwa kipa wake. Mkuu akacheka, akasema nusu ya nchi hii imefundishwa na yule mzee, tukitafuta mpelelezi asiyemjua itabidi tumwazime kwa jirani. Jina la Makopo alilipata kwa sababu timu yake haikuwa na koni za mazoezi. Alijaza mchanga kwenye makopo ya rangi, akayapanga uwanjani, na ole wake atakayeangusha moja. Alikuwa na sheria ya ajabu: mchezaji mpira ukimgusa mkononi, anainua mkono mwenyewe, refa ameona hajaona. Wasichana walilalamika kwamba timu nyingine hazifanyi hivyo. Mzee akawaambia hizo timu nyingine ni za watu wengine. "Wewe tu kipa," alimwambia Inspekta enzi hizo, "ndiye mwenye ruhusa ya mikono."

"Zile nakala tisa za mwanzo," alimuuliza daktari. "Zilikwenda wapi?"

"Alizikusanya karani."

"Akazipeleka wapi?"

Daktari akashangaa. "Si ulikuwa naye hapa jana saa mbili nzima?"

Alikuwa naye. Karani ndiye aliyekuwa akichapa muhtasari kutoka kwenye kanda, ndiye aliyesikia kwamba swali na jibu haviko kwenye goti moja, na ndiye aliyekwenda kumwambia Katibu. Kwa wema huo Inspekta alimweka kiti cha moto. Ni wawili tu waliojua kuhusu goti la kushoto, na mmoja ni daktari, basi mwingine ndiye mwizi. Hesabu ilikuwa nyepesi namna hiyo. Alimuuliza ulimpa nani, ulimwambia nani, ulimpigia nani. Aliposikia hapana ya ishirini, aliuchukua mkoba wake, akaumwaga juu ya meza hii hii, mbele ya wajumbe wote tisa. Hapo hapo karani akasimamishwa kazi. Katika saa mbili zile Inspekta aliuliza nani mara mia, na hakuuliza wapi hata mara moja.

Aliona uso wake unapata moto. Alifunga daftari akasimama.

* * *

Karani aliishi ghorofa ya pili, mlango wa bluu uliopakwa rangi upande wa nje tu. Inspekta alipiga hodi. Mlango ukafunguka nusu, ukabaki nusu.

"Shikamoo, mama."

Karani alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye kusimama wima. Aliangalia viatu vya mgeni, akaangalia ngazini kama kuna wengine, ndipo akajibu. "Marahaba."

"Naomba swali moja."

"Jana yalikuwa mengi."

Kutoka ndani sauti ya mwanamke mzee ikauliza, "Ndiye huyo?"

"Ndiye, mama," karani alijibu bila kugeuka. Kisha kwa Inspekta, "Mama mkwe wangu. Alitaka kujua kwa nini nimerudi mapema. Nikamwambia. Sijui kumdanganya mtu mzima."

Inspekta alitamani ngazi zimmeze. "Zile nakala tisa ulizozikusanya Alhamisi. Uliziweka wapi?"

"Kwenye boksi."

"Boksi lipi?"

"La upande mmoja. Liko chini ya mashine ya kunakilia. Karatasi iliyochapwa upande mmoja haitupwi wala haichanwi, inawekwa humo. Amri ya Katibu. Mwaka juzi nilichana barua moja, na mimi nikaandikiwa barua ya onyo, nayo ilichapwa nyuma ya orodha ya jezi."

"Hata karatasi ya siri?"

"Barua ya onyo haikusema isipokuwa za siri."

"Na boksi likijaa?"

"Likijaa lisijae, Ijumaa Katibu analibeba mwenyewe kwenye gari lake. Anapeleka shule ya chekechea ya mkewe. Watoto wanachora." Sasa karani naye aliiona njia ya zile karatasi, na mkono wake ukapanda taratibu mdomoni. "Ee, jamani."

"Kwa nini hukuniambia jana?"

Lilikuwa swali la kipumbavu, na Inspekta alilijua kabla halijamaliza kutoka. Karani aliushusha mkono.

"Wewe, afande, ulikuwa umeugeuza mkoba wangu juu chini. Vidonge vyangu vya presha vinabingirika, mwenyekiti anavizuia kwa kalamu. Kile kitambaa cheupe ukakifungua. Unakumbuka kulikuwa na nini?"

Inspekta alikumbuka. Meno mawili ya bandia, ya mbele, ya akiba.

"Miaka tisa nafanya kazi pale," karani alisema. "Hakuna aliyejua. Hata mama mkwe amejua jana. Mtu akiwa katika hali hiyo unataka akumbuke boksi?"

"Samahani, mama. Nimekukosea."

"Samahani ya mlangoni hiyo." Hakuisema kwa ukali. "Uliniumbua mezani, mbele ya wote tisa."

Akafunga mlango, taratibu, ili usipige kelele kwa majirani.

* * *

Katibu wa shirikisho alikuwa mtu mnene mwenye kupenda kubana matumizi ya kila kitu isipokuwa maneno. Ukutani mwa ofisi yake alibandika tangazo aliloandika kwa mkono wake: KARATASI INA PANDE MBILI, KAMA BINADAMU. Inspekta alikuwa amelipita mara sita tangu jana, na mara moja alitabasamu.

Walikutana kwenye geti la chekechea saa sita kasoro. Katibu aliongea tangu getini hadi darasani: kwamba boksi ni jambo dogo, kwamba miti inaisha duniani, kwamba watoto wa miaka mitano hawasomi. Mkewe, mwalimu mkuu, mwanamke mfupi mwenye chaki kwenye nywele, alimsikiliza mpaka akachoka.

"Baba watoto," alisema, "hawa watoto hawasomi, lakini wana wazazi."

Mkewe akamwonyesha Inspekta kamba iliyofungwa kutoka dirisha hadi dirisha, yenye michoro iliyobanwa kwa vibanio vya nguo. Watoto walikuwa nje, sauti zao zikija na kuondoka.

"Hizi ni za Ijumaa?"

"Za Ijumaa. Niliwaambia wachore mtu wanayempenda."

Inspekta alivaa glavu. Alianza dirishani, akainua mchoro mmoja mmoja na kusoma nyuma yake. Mama mwenye mikono mitatu: nyuma, ratiba ya mabasi ya timu. Mbwa: nyuma, orodha ya chakula cha kambini. Mtu mwenye kichwa kikubwa na soksi: nyuma, *Maswali ya Usaili wa Kocha Mkuu, Siri*, na namba nne ikasema goti la kushoto. Katibu alitoa sauti ndogo kooni. Inspekta aliitoa karatasi kwenye kibanio, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaandika moja. Akaendelea. Ya pili ilikuwa nyuma ya bibi aliyekaa. Ya tano ilikuwa nyuma ya jua lenye miguu. Mchoraji wake, mwalimu alieleza, alisema hampendi mtu yeyote. Alipofika dirisha la pili alikuwa na nane.

"Zilikuwa tisa," alisema.

"Moja iliondoka," mwalimu alijibu. "Kwa kawaida zinakaa hapa mwezi mzima. Lakini yule mtoto alilia. Alisema amemchora babu yake na babu lazima aione siku hiyo hiyo. Nikamwachia."

"Babu yake ni nani?"

Mwalimu akamtazama mumewe, mumewe akatazama sakafu.

"Huja kumchukua mwenyewe kila siku," mwalimu alisema. "Yule kocha mzee. Mwenye makopo."

Inspekta alivua glavu moja, akasahau kuvua ya pili. Tangu asubuhi alikuwa akiomba ije iwe mtu mwingine, na kwa mpelelezi hiyo peke yake ni aibu ya kutosha.

* * *

Mzee Makopo alikuwa anapiga pasi. Suti nyeusi ilikuwa juu ya meza ya kulia chakula, imetandikiwa shuka, naye alikuwa amefika kwenye mkono wa kushoto.

"Karibu, kipa," alisema. "Mlango uko wazi."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mjukuu kalala. Tuzungumze polepole."

Alikuwa na miaka sitini na mitatu na bado tumbo lake lilikuwa bapa. Inspekta alisimama katikati ya chumba, akaona kochi, akaona televisheni iliyofunikwa kitambaa, akaona friji. Kwenye mlango wa friji, kwa gundi ya karatasi pembe zote nne, kulikuwa na mchoro. Mtu mrefu, filimbi kubwa kuliko kichwa, na kuzunguka miguu yake makopo saba mekundu.

"Naomba kuitoa," alisema.

Mzee hakuuliza nini. "Anzia juu. Gundi ile inachuna, na mtoto alisema hatapenda ikichanika."

Inspekta aliitoa kwa ukucha. Pembe mbili zilitoka kirahisi sana. Gundi yake ilikuwa mpya, imewekwa juu ya alama ya gundi ya zamani. Karatasi hii iliwahi kubandikwa, ikabanduliwa, ikabandikwa tena. Aliigeuza. Maswali kumi.

"Ijumaa jioni nilikuwa naibandika," mzee alisema. Alikuwa amerudi kwenye pasi, mkono ukienda na kurudi mahali pale pale. "Nikaona maandishi. Swali la kwanza nilisoma kabla sijajua ninachosoma. Hilo ni bahati mbaya, hata mbele ya Mungu nitalisema. La pili mpaka la kumi nilisoma nikijua."

"Hukupiga simu?"

"Nilishika simu. Nikasema mtoto ale kwanza. Alipomaliza kula nikasema nitapiga Jumamosi. Jumamosi nikaibandua tena, nikaisoma nikiwa nimevaa miwani. Jumatatu niliingia mle ndani nimekariri kama shairi. Hata sikumsikia daktari anasema goti lipi."

"Ulihitaji kukariri? Wewe?"

Mzee aliiweka pasi kando na kuizima. "Nimeomba kazi hii mara nne, kipa. Mara nne. Kila mara wakampa mgeni, kila mgeni akaondoka baada ya mwaka, na kila mara waliniambia wewe mzee ni wa watoto, watoto wanakupenda. Safari hii ni ya mwisho, miaka hairudi. Nikasema nikijikwaa swali moja tu watasema tuliwaambia. Niliogopa. Sina neno jingine."

Inspekta alitoa mfuko wa plastiki. Mzee aliutazama, kisha akatazama mlango wa friji uliobaki na alama nne.

"Ile ni karatasi ya mtoto," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayebembeleza. "Ikirudi pale ilipokuwa, nani atakuja kuigeuza?"

Uso umeumbwa na haya. Wote wawili walitazama pembeni, yeye kwenye suti, Inspekta kwenye televisheni yenye kitambaa. Nje mtu alipita akipiga mluzi. Jambo baya zaidi ni kwamba Inspekta alilifikiria. Kwa pumzi mbili tatu alifikiria karani, shahidi wa kwanza, aliyekwisha kuharibiwa jina, na Katibu ambaye angependa boksi lisahauliwe. Ripoti yenye maneno *haikuthibitika*. Na mzee huyu pembeni mwa uwanja mkubwa, mikono nyuma, bendera juu.

"Karani amesimamishwa kazi," alisema.

"Karani gani?"

"Anayechapa pale shirikisho. Ndiye aliyegundua, na mimi nikadhani ndiye aliyeuza. Jana niliumwaga mkoba wake mezani mbele ya kamati nzima. Vitu vyake vyote. Hata vile ambavyo mtu humficha mumewe."

Mzee Makopo alikaa kwenye kiti, juu ya kola ya suti iliyokuwa inaning'inia, na hakugundua kwamba ameikunja.

"Mimi nilidhani sijamgusa mtu," alisema. "Nilijiambia, ni karatasi na macho yangu tu, hakuna aliyeumia."

"Saa kumi nitasoma ripoti. Unaweza kuja, unaweza usije. Sitakuja kukuchukua."

"Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama," mzee alisema, akijisemea zaidi kuliko kumwambia yeye. Kisha, Inspekta alipofika mlangoni, "Kipa. Ukiwaonyesha, waonyeshe upande wa maandishi. Huo mwingine ni wa mtoto."

* * *

Saa kumi kasoro dakika kumi wajumbe wote tisa walikuwa mezani. Nje, ukumbini, waandishi wa habari walikuwa wanapanga kamera na kugombea soketi za umeme. Mwenyekiti alikuwa na bahasha mbele yake na viganja vyote viwili juu yake.

"Inspekta," alisema, "tupe habari njema."

Inspekta alisimama. Hakuwa amefungua jalada lake pale mlango ulipofunguka, na Mzee Makopo akaingia. Suti ilinyooka, isipokuwa kola. Hakusalimia, hakukaa. Alitembea mpaka mwisho wa meza, mahali pale pale alipokaa Jumatatu, akainua mkono wa kulia juu, kiganja wazi, akauacha hapo.

Wajumbe walidhani anaomba kuzungumza. Mwenyekiti akatikisa kichwa kumpa ruhusa. Kati yao daktari peke yake, aliyekaa naye benchi miaka kumi na moja, ndiye aliyeelewa, akavua miwani.

"Maswali niliyaona kabla," mzee alisema. "Hakunipa mtu. Yaliingia nyumbani kwangu kwa bahati mbaya, nikayasoma kwa makusudi. Niondoeni. Na yule mama karani hanijui wala simjui."

Akashusha mkono.

Hakuna aliyemkaripia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mwenyekiti aliisukuma bahasha mbali na yeye, nusu shibiri. Jina la ndani yake wote walilijua.

"Mwenyekiti," daktari alisema, na sauti yake haikuwa nzuri, "hata tukilifuta swali la nne lote, hata tukimpa sifuri, bado amewazidi wale wageni kwa..."

"Usihesabu," Mzee Makopo alimkatiza. "Nimekuomba, daktari. Usinihesabie."

Akageuka akatoka kwa mlango wa nyuma, ule usiopita kwa waandishi.

Inspekta alisoma ripoti. Ilikuwa fupi. Aliposema boksi, wajumbe wanane walimtazama Katibu, naye kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alikosa la kusema. Alibaki akigeuza kalamu. Mfuko wa plastiki wenye namba tisa ulipita mkono kwa mkono, maandishi juu, na Inspekta alihakikisha hakuna aliyeugeuza.

"Basi," mwenyekiti alisema mwishoni. "Waandishi tutawaambia wiki mbili zaidi. Boksi lichomwe. Na yule karani arudi kesho, Katibu amwandikie barua. Tumemaliza?"

Viti vikaanza kusogea. Inspekta aliona jinsi nyuso zilivyopata nafuu, jinsi jambo la karani lilivyoisha kwa sentensi moja na barua moja, ambayo huenda ingechapwa nyuma ya kitu kingine.

"Hatujamaliza," alisema. "Naomba mkae."

Alitoa simu akapiga. Iliita mpaka akadhani haitapokelewa.

"Haloo."

"Mama, ni mimi, Inspekta. Imejulikana. Huna kosa lolote. Nilitaka..."

"Uko wapi?" karani aliuliza.

"Shirikisho. Chumba cha mikutano."

"Meza ile ile?"

"Ile ile."

"Nani yupo?"

Inspekta alizungusha macho. Mwenyekiti, daktari, Katibu na kalamu yake, na wale sita wengine ambao jana walitazama dari meno yalipotoka kwenye kitambaa, lakini kwanza waliyatazama.

"Wote tisa."

Upande wa pili sauti ya mwanamke mzee ikasikika kwa mbali, ikiuliza kitu, na karani akaijibu, ngoja mama, utasikia. Halafu akarudi kwenye simu.

"Waache wanisikie," alisema. "Na wakusikie."

Inspekta aliweka simu katikati ya meza, mahali ulipomwagwa mkoba, akabonyeza sauti ya nje. Miaka yote ile ya makopo yeye ndiye peke yake ambaye hakuwahi kulazimika kuinua mkono, maana kipa ana ruhusa ya mikono. Alivuta pumzi aanze, na kabla neno la kwanza halijatoka, mkono wake wa kulia ulikuwa umeshapanda juu.